Humboldt, Mjerumani aliyechora mpangilio wa mimea milimani

KWAMBA baridi huzidi kadiri mtu anavyopanda mlima, na kwamba miti hupungua hadi ikatoweka kabisa, ni jambo ambalo wakazi wa milimani wamelijua tangu jadi. Aliyeligeuza kuwa elimu ya vipimo ni Alexander von Humboldt, Mjerumani aliyezaliwa mjini Berlin mnamo Septemba 14, 1769.

Alitoka katika ukoo wa kitajiri. Babake, afisa wa jeshi la Prussia, alifariki mwaka wa 1779. Mamaye alitaka awe mtumishi wa serikali, naye akatii kwa muda: alisomea uchimbaji madini mjini Freiberg, kisha akawa mkaguzi wa migodi. Mama huyo alipofariki mwaka wa 1796, Humboldt alipata urithi mnono na kuacha kazi. Mali hiyo haikuishia katika anasa bali katika safari na uchapishaji wa vitabu.

Mnamo Juni 1799 aliabiri kutoka Uhispania kuelekea Amerika Kusini pamoja na Mfaransa Aimé Bonpland, tabibu aliyebobea katika elimu ya mimea. Bonpland alifanya sehemu kubwa ya kazi ya kukusanya mimea, ingawa sifa nyingi zilimwendea mwenzake.

Mwaka wa 1800 walifika katika Ziwa Valencia, Venezuela, ambako maji yalikuwa yakipungua na wenyeji wasijue kisa. Humboldt alibaini kwamba misitu ya kandokando ilikuwa imefyekwa ili kupisha mashamba, na mito ikageuzwa kunyunyizia mimea. Alieleza kuwa miti huhifadhi unyevu na kupoza hewa, na kwamba ardhi ikiachwa uchi, mvua huishia kuwa mafuriko yanayobeba udongo. Ni wachache wakati huo waliowaza kwamba binadamu aweza kubadili hali ya anga.

Juni 23, 1802, yeye, Bonpland na kijana Carlos Montúfar walipanda Chimborazo, mlima wa Ecuador uliodhaniwa siku hizo kuwa mrefu kuliko yote duniani. Walipungukiwa na pumzi, damu ikawatoka ufizini, na hatimaye wakazuiwa na ufa mkubwa. Kwa hesabu ya barometa yao, walikuwa wamefika karibu mita 5,900.

Matunda ya safari hizo yalichapishwa mjini Paris mwaka wa 1807: mchoro wa mlima uliopasuliwa wima, majina ya mimea yakiandikwa katika mwinuko inakoota, na pembeni vipimo vya joto, unyevu na kani ya hewa. Fikra hiyo ya mikanda ya mimea ilienea kote. Mwaka wa 1951 Mswidi Olov Hedberg alichapisha maelezo ya mikanda ya milima ya Afrika Mashariki, Mlima Kenya ukiwemo.

Humboldt alifariki Berlin Mei 6, 1859, akiwa na umri wa miaka 89. Mchoro wake haukuzikwa naye. Mwaka wa 2012 watafiti walirudi Chimborazo na, katika ripoti ya 2015, wakasema mimea ilikuwa imepanda kwa zaidi ya mita 500 tangu enzi zake. Lakini wengine walipochunguza maandishi yake walionyesha mnamo 2019 kwamba mimea mingi ya juu katika mchoro ilitoka mlima jirani wa Antisana, na kwamba mchoro wenyewe ulikuwa taswira ya jumla ya milima ya kitropiki. Kosa, kama lipo, ni la waliousoma kana kwamba ni daftari la vipimo.

Kwa bahati njema kumbukumbu zake za safari zilihifadhiwa. Watafiti hao wa pili walizitumia kulinganisha hali ya Antisana, wakakuta mimea imepanda kwa kati ya mita 215 na 266. Ni nusu ya makadirio ya kwanza, ila mwelekeo ni uleule, kuelekea kileleni, ambako nafasi ya kuota huzidi kuwa finyu.