Arkidiakono Johnson wa Nyasa

William Percival Johnson, aliyeihubiri Injili pwani yetu hii, alifika Unguja pamoja na Askofu Steere mwaka 1876, naye kijana wa miaka 22. Mwaka 1882 alilifikia ziwa pamoja na rafiki yake Charles Janson, ambaye alifariki huko. Merikebu ya moshi ya mwaka 1885 ikapewa jina la marehemu. Zamani zile zile Johnson aliugua macho: moja likapofuka, la pili likaona kwa shida. Wengi wetu tungalirudi kwetu. Yeye alirejea Nyasa, akazunguka vijijini miaka 40 na zaidi, akifungua shule, akaifasiri Biblia kwa Kinyanja. Merikebu husifiwa sana. Sisi twalistaajabia zaidi jicho lile bovu. Alifariki mwaka 1928, akazikwa Liuli.