Neema Ilimkuta John Newton Kabla Hajajijua

Wengi wetu tumesikia ushuhuda wa John Newton ukitolewa mimbarani kwa dakika mbili tu: alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, dhoruba ikampiga, akaokoka, akaacha biashara ile siku hiyo hiyo, akatunga Amazing Grace. Unavutia, lakini sivyo mambo yalivyokwenda. Ukweli ni mrefu zaidi, na sisi Waafrika unatuuma zaidi. Hata hivyo tusiuogope.

Newton alizaliwa London mwaka 1725. Mama yake, mwanamke wa maombi, alimfundisha Maandiko akiwa mdogo kabisa, halafu akafariki mtoto hajatimiza miaka saba. Baba alikuwa nahodha, kwa hiyo akiwa na miaka 11 kijana alikuwa tayari baharini. Baadaye alikamatwa kwa nguvu akaingizwa jeshi la wanamaji. Akatoroka, akashikwa, akachapwa viboko mbele ya mabaharia wote. Moyo ukawa mgumu. Alimtukana Mungu hadi mabaharia wenyewe, watu waliozoea matusi, wakashangaa.

Akaishia visiwa vya Plantain, pwani ya Sierra Leone, akimfanyia kazi mzungu mmoja mfanyabiashara wa watumwa. Huko aliugua homa, akanyimwa chakula na hata maji. Sasa sikiza hapa. Waliomlisha walikuwa watumwa. Watu waliofungwa minyororo, wakingojea kuuzwa, walimpelekea kwa siri sehemu ya chakula chao kidogo. Neema ilimfikia kwanza kupitia mikono ya Waafrika, naye hakuielewa.

Mwaka 1747 meli iitwayo Greyhound ilimpata, kwa sababu baba yake alikuwa amewaomba manahodha wamtafute. Wakiwa njiani kurudi Uingereza, usiku mmoja wa mwezi Machi 1748, bahari ikachafuka na ubao wa meli ukavunjika. Nahodha akamtuma Newton arudi chini kuchukua kisu. Mwenzake akapanda juu badala yake, na wimbi likamchukua pale pale. Saa tisa usiku Newton alishika pampu, akavuta maji mpaka karibu saa sita mchana. Waliziba mashimo kwa nguo na matandiko. Kilichowasaidia wasizame ni mzigo wenyewe, nta ya nyuki na mbao, vitu vyepesi kuliko maji. Katika shughuli hiyo likamtoka neno la kuomba rehema ya Mungu, akashtuka kujisikia. Rehema gani kwa mtu kama yeye? Alikaa na swali hilo wiki nne, chakula kikiisha, hadi walipofika Ireland. Siku ya dhoruba aliiadhimisha kila mwaka hadi uzee.

Kama ushuhuda ungeishia hapo tungepiga makofi, twende nyumbani. Lakini mwaka huo huo wa 1748 alisafiri tena, safari hii kama msaidizi wa nahodha katika meli ya watumwa. Akaoa mwaka 1750, na kati ya mwaka huo na 1754 alifanya safari tatu akiwa nahodha mwenyewe. Jumapili aliwakusanya mabaharia kwa ibada. Alisoma Biblia, alifunga, aliandika maombi yake kwenye daftari. Na chini ya sitaha, hatua chache tu kutoka alipopiga magoti, walilala watu wetu wakiwa wamefungwa pingu. Aliposhuku kwamba wanapanga kuasi, aliwabana hata vijana vidole kwa vyuma ili waseme.

Na hakuacha kwa sababu dhamiri ilimsumbua. Aliacha mwaka 1754 kwa sababu siku mbili kabla ya kusafiri alianguka ghafla akinywa chai na mkewe, na madaktari wakamkataza kwenda. Miaka kumi baadaye alichapisha kisa cha maisha yake, akakiri humo kwamba wakati ule hakuona ubaya wowote katika kazi hiyo.

Kuna mpendwa atasema, basi huyo hakuokoka. Naelewa hasira hiyo, ninayo hata mimi. Lakini tukisema hivyo tunamaanisha Mungu humpokea mtu akishamaliza kujitakasa, na hiyo si neema tena, ni mshahara. Mwingine atasema, si unaona, neema inafunika yote, tuendelee tu. Huyo naye hajasoma Tito 2, ambapo Paulo anasema neema ile ile inayookoa ndiyo inayotufundisha kukataa uovu. Newton aliingia darasani mwaka 1748. Alikuwa mwanafunzi mzito, na waliolipia uzito wake ni watu walioteremshwa ng'ambo wakauzwa. Kusamehewa kwake hakukufuta hilo.

Alisoma Kigiriki na Kiebrania akiwa mfanyakazi wa forodha Liverpool, akawa mchungaji wa Anglikana katika mji mdogo wa Olney mwaka 1764. Ule wimbo aliuandaa kwa ibada ya mwaka mpya wa 1773, kuambatana na mahubiri kutoka 1 Mambo ya Nyakati 17, pale Daudi anaposhangaa yeye ni nani hata Mungu amfikishe hapo. Hata wakati huo alikuwa bado hajasema lolote hadharani dhidi ya utumwa.

Alisema mwaka 1788, akiwa mchungaji London. Aliandika kijitabu kuhusu biashara ya watumwa Afrika, akianza na kujishtaki mwenyewe na kukubali kwamba ungamo lake limechelewa sana. Alieleza jinsi watu walivyopangwa melini kama vitabu kwenye rafu, na jinsi wanawake walivyotendewa. Kisha akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amemshauri mbunge kijana, William Wilberforce, asiache siasa akajifungie kanisani. Huyo kijana ndiye aliyepigana hadi Bunge likapiga marufuku biashara hiyo Machi 1807.

Newton aliishi kusikia habari hiyo. Alikuwa karibu kipofu, na kumbukumbu zilikuwa zinamtoroka. Alifariki Desemba 21 mwaka huo huo, akiwa na miaka 82. Maneno ya jiwe lake la kumbukumbu aliyaandika mwenyewe kabla hajafa. Wimbo hakuutaja. Alijiita mtu aliyewahi kuwa asiyeamini, mtumishi wa watumwa kule Afrika, akahurumiwa na Yesu.