Bi Zaynab bint Jahsh: Mama wa Waumini Mwenye Mkono Mrefu

Kila ukikaribia mwezi wa Mfungo Tatu, majumbani kwetu huanza hesabu: mbuzi bei gani, ng'ombe tushirikiane watu wangapi. Zipo pia nyumba zinazokaa kimya kwa kuwa hazina kitu, na wenyewe huona kama kwamba kheri za siku zile zimewapita. Wote hao wana funzo katika maisha ya Mama yetu, Bi Zaynab bint Jahsh (Radhiya Allaahu 'anhaa).

Mama yake mzazi ni Bi Umayma bint 'Abdil-Muttwalib, shangazi yake Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam). Aliolewa kwanza na Zayd bin Haarithah. Walipoachana, Allaah Mwenyewe Alimuozesha kwa Mtume, na habari hiyo imo katika Suuratul-Ahzaab. Katika walima wake alichinjwa kondoo, watu wakala mkate na nyama mpaka wakashiba, na Mtume hakuwahi kumfanyia mke mwengine walima mkubwa kama ule.

Mwaka wa 10 Hijria alihiji pamoja na Mtume Hijja ya kuaga. Mtume alitoa ngamia 100. Alichinja 63 kwa mkono wake, waliobaki akachinja Sayyidna 'Aliy (Radhiya Allaahu 'anhu). Wakeze nao alichinja ng'ombe kwa ajili yao. Kisha akamuamrisha 'Aliy agawe sadaka nyama, ngozi na matandiko ya wanyama wale, na asimpe mchinjaji chochote katika hivyo kuwa ni ujira wake. Kwa hiyo nasi tunapochinja, ngozi haiuzwi, na mchinjaji hulipwa kwa fedha zetu wenyewe.

Bi Zaynab alizijua vyema ngozi, kwani ndiyo kazi yake. Alikuwa akizitengeneza na kuzishona kwa mikono yake, na alichokipata akikitoa sadaka kwa maskini. Alikuwa mke wa Mtume, wala hakuona haya kufanya kazi, na hakungoja awe tajiri ndipo atoe.

Mtume aliwaambia wakeze kwamba atakayemfuata mwanzo baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wakipimana mikono ukutani. Bi Zaynab alikuwa mfupi wa kimo, lakini yeye ndiye aliyefariki mwanzo. Hapo ndipo walipofahamu kuwa urefu uliokusudiwa ni wa kutoa sadaka.

Katika ukhalifa wa Sayyidna 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) aliletewa fungu lake, dirham 12,000. Akazifunika kwa nguo, akamuamrisha Barzah bint Raafi' atie mkono chini ya nguo, achote na kuwapelekea jamaa zake na mayatima, mmoja baada ya mmoja. Zilipobaki chache, Barzah akakumbusha kuwa naye ana haki. Akapewa zilizosalia, zikahesabiwa zikawa 85. Kisha Bi Zaynab akainua mikono kumuomba Allaah asipatwe tena na fungu kama lile mwaka unaofuata. Alifariki mwaka wa 20 Hijria, 'Umar akamswalia, akazikwa Baqii'. Alikuwa ameusia kwamba 'Umar akimletea sanda, basi moja katika mbili, ile yake au ile ya 'Umar, itolewe sadaka.

Ndugu zetu, kuchinja ni Sunnah iliyokokotezwa kwa mwenye uwezo, asiache. Lakini nyama na damu hazimfikii Allaah. Kinachomfikia ni taqwa. Asiye na uwezo hana dhambi, na mlango wa sadaka haujafungwa kwake: ana mikono yake na kazi yake, japo ni ukili anaosuka au samaki mmoja katika mtungo wake. Na aliyechinja asisahau kuipeleka nyama katika nyumba ile iliyokaa kimya.

Allaah Amridhie Mama yetu, na Atujaalie mikono mirefu. Aamiyn.