George Eastman: aliweka aparei ya picha mfukoni mwa raia, akaacha fumbo la namba za filimu

Watu wengi wanajua jina Kodak, lakini si wengi wanaomjua aliyelianzisha. George Eastman alizaliwa tarehe 12 mwezi wa saba 1854 huko Waterville, katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikufa mwaka wa 1862, na mama yake Maria akabaki mjane mwenye watoto watatu, akipangisha vyumba ili kupata chakula. Kijana huyo aliacha masomo akiwa na miaka 14, akafanya kazi ndogo ofisini, kisha akaajiriwa katika benki moja ya Rochester.

Mwaka wa 1877 alinunua vyombo vya kupiga picha kwa ajili ya safari ambayo hakuifanya. Vilikuwa mzigo mzito: aparei kubwa, miguu yake mitatu, hema, vioo na chupa za dawa. Hapo akapata wazo moja ambalo halikumwacha tena: kupunguza mzigo. Mchana alihesabu feza za watu benki, usiku alichanganya dawa katika jikoni ya mama yake. Mwaka wa 1881 akaacha benki.

Mwaka wa 1888 akatoa Kodak ya kwanza, kwa dola 25, ikiwa tayari na filimu ya picha 100. Kioo kikaachwa, bobini ikachukua nafasi yake. Mwisho wa karne hiyo zikafuata aparei za kukunja: ukifungua mlango, mfuko wake wa ngozi unajikunjua na kioo kinatoka mbele, ukifunga, inaingia mfukoni. Kodak ikafika hata katika historia ya Kongo. Mwaka wa 1905 mwandishi Mark Twain alitoa kitabu kidogo ambamo Leopold II analalamikia chombo hicho, sababu picha zilionyesha dunia mikono iliyokatwa.

Lakini Eastman alikuwa mfanyabiashara. Aparei inanunuliwa mara moja, filimu inanunuliwa kila mara. Kampuni yake ikatoa ukubwa mwingi wa bobini, kila moja na namba yake, na ya aparei moja haikuingia katika nyingine. Hapo ndipo wanaotunza aparei hizo leo wanapata shida. Kodak 3A ya kukunja, iliyopiga picha zenye ukubwa wa kartipostali, ilitaka filimu 122, ambayo haitengenezwi tena. Lakini bobini ya 120, iliyotoka mwaka wa 1901, ingali inauzwa.

Mwaka wa 1914 ikaja Autographic, yenye kimlango nyuma cha kuandikia tarehe juu ya filimu kwa kijiti cha chuma. Filimu yake ya pekee iliisha zamani. Hata hivyo, zile zilizotumia namba 120 zinakubali 120 ya leo, lakini kimlango kisifunguliwe, la sivyo mwangaza utaharibu picha.

Fumbo kubwa zaidi ni 620, iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Filimu yake ina upana uleule wa 120, lakini mti wa bobini ni mwembamba zaidi. Kodak iliacha kuitengeneza mwaka wa 1995. Wenye aparei hizo huingia katika giza kabisa, wakahamisha filimu ya 120 kwenye bobini ya 620. Ndiyo maana bobini tupu ya zamani haitupwi, na anayetaka kununua aparei ya namna hiyo husoma kwanza namba iliyoandikwa ndani ya mlango wa nyuma.

Eastman hakuoa. Alitoa karibu dola milioni 100 kwa vyuo, hospitali na muziki. Katika miaka yake ya mwisho ugonjwa wa uti wa mgongo ulimtesa sana, hata kutembea kukawa kazi. Tarehe 14 mwezi wa tatu 1932, akiwa na miaka 77, alijiua nyumbani kwake Rochester.

Katika namba zote zilizotoka chini ya uongozi wake, 120 ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi madukani. Mwenye aparei ya kukunja inayoichukua anaweza kuijaza filimu mpya na kupiga picha leo hii, miaka zaidi ya mia moja baadaye.