Heinrich Hertz na Cheche Iliyosita

Leo nawaletea habari za Heinrich Hertz, Mjerumani ambaye jina lake tunalitaja kila tutafutapo stesheni redioni, maana kipimo cha hezi kimetokana naye. Alizaliwa Hamburg tarehe 22 Februari 1857, mwana wa wakili. Sisi tuliolelewa chuoni tutafurahi kusikia kwamba shuleni alijifunza Kiarabu. Lakini moyo wake ulielekea fizikia. Aliisomea Berlin kwa Hermann von Helmholtz, akapata udaktari mwaka 1880.

Mwaka 1885 akawa profesa mjini Karlsruhe. Huko ndiko alikothibitisha mawimbi ya umeme yapitayo hewani, ambayo ndiyo msingi wa redio. Vyombo vyake vilikuwa sahali: huku umeme ukiruka mwanya kwa cheche kubwa, kule pete ya waya yenye mwanya mwembamba ikiitikia kwa cheche ndogo. Ile ndogo ilikuwa hafifu, basi akaifunika kwa kasha apate kuiona gizani. Ajabu ni kwamba ikafupika! Mwingine angalipuuza. Hertz aliyaweka mawimbi kando akaifuata ajabu ile. Akatia kioo kati ya cheche mbili, cheche ikadhoofika. Akatia kwatsi, isidhurike. Mwaka 1887 akatangaza kwamba mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, ndio uisaidiao cheche kuruka.

Sababu yake hakuijua. Leo twaijua. Hewa ni gesi, nayo huuzuia umeme. Hata nguvu ikitosha, cheche hungoja ipatikane elektroni moja huru. Hiyo hugonga chembe za hewa, ikatoa ya pili. Mbili zikawa nne, mpaka njia ikafunguka. Kuingoja ile ya kwanza ni jambo la bahati, na ndiko kunakoichelewesha cheche. Urujuanimno huzing'oa elektroni katika madini, kungoja kukapungua.

Mjerumani mwenziwe, Emil Warburg, aliuchunguza uchelewaji huo katika miaka ya 1890, na J. J. Thomson akaitambua elektroni mwaka 1897. Hertz hakuwahi. Alifariki Bonn tarehe 1 Januari 1894, mwenye umri wa miaka 36, akaacha mjane na mabinti wawili. Katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Hitler, asili ya Kiyahudi ya babake ikawa nongwa, na jamaa hao wakahamia Uingereza.

Ulimwengu wamkumbuka kwa mawimbi. Mimi namheshimu zaidi kwa lile kasha: aliona dogo lisilomhusu, wala hakulidharau.