Randolph, jamaa wa suti aliyepigania watu wa sare

Cheki hii. Umepata job leo, na kabla hujashika hata ndururu unaambiwa ujinunulie yunifomu. Hivyo ndivyo walivyoishi watu weusi wa Marekani waliohudumia abiria kwenye mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Hata rangi ya kung'arisha viatu vya abiria ilitoka mfukoni mwao. Kampuni ilianza kukupa sare ukishamaliza miaka 10 kazini. Miaka 10, buda! Na bado abiria alikuita George, jina la mwanzilishi wa kampuni, kana kwamba mamako hakukupa lako.

Ukongwe haukukupa cheo pia. Ungefanya kazi ya kondakta safari nzima, lakini ukondakta wenyewe, na mshahara wake, ulikuwa wa wazungu.

Aliyewasimamia ni Asa Philip Randolph, mzaliwa wa Crescent City, Florida, mwaka wa 1889. Yeye hakuwahi kufanya kazi Pullman hata siku moja, na ndiyo maana walimtaka: mdosi angemfuta wapi? Agosti 25, 1925, wakazindua chama chao Harlem, New York, yeye akiwa kiongozi.

Usidhani ilikuwa rahisi. Kampuni ilipanda majasusi, ikafuta waliojiunga, na kwa miaka mingi ikakataa hata kuketi naye mezani. Jamaa alitokea mbele ya watu na suti safi, kumbe mfukoni ni noma. Mkewe Lucille alikuwa na saluni, na enyewe pesa za saluni ndizo zilizomshikilia. Huyo mama hatajwi vya kutosha.

Sheria ya reli ikabadilishwa 1934, mwaka uliofuata wahudumu wakapiga kura, chama kikashinda. Mazungumzo yakaburutwa mpaka Agosti 25, 1937, miaka 12 kamili tangu uzinduzi, ndipo Pullman ikatia sahihi. Saa za kazi zilishuka kutoka karibu 400 kwa mwezi hadi 240, na mishahara ikapanda.

Yale maandamano ya Washington ya 1963 unayomkumbukia Martin Luther King? Mzee aliyeyaongoza ni huyuhuyu, akiwa na miaka 74. Alifariki New York mwezi Mei 1979, akiwa na miaka 90.