Michael Wood: Tabibu wa Ol Molog aliyewapelekea wagonjwa madaktari kwa ndege

Na Mwandishi Wetu, Arusha

WAKAZI wengi wa Arusha huziona ndege ndogo zikikatiza kando ya Mlima Meru bila kufahamu kwamba mmoja wa waasisi wa huduma ya kuwapelekea madaktari wagonjwa wa vijijini kwa ndege aliwahi kuwa mkulima katika mkoa wao.

Huyo ni Sir Michael Wood, Mwingereza, bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile na mwasisi mwenza wa shirika la AMREF, aliyefariki dunia mwaka 1987.

Wood, aliyekuwa akisumbuliwa na pumu, alihamia Nairobi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia pamoja na mkewe Susan, mzaliwa wa Kongo na binti wa wamisionari. Baadaye familia hiyo iliendesha shamba Ol Molog, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, eneo ambalo leo limo katika Wilaya ya Longido.

Katika miaka ya 1950 alijifunza upasuaji wa kurekebisha maumbile nchini Uingereza chini ya Sir Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyepata sifa katika mji wa East Grinstead kwa kuwatibu askari wa anga walioungua vitani. Chama cha wagonjwa hao, kilichoanzishwa mwaka 1941, kilifikia wanachama 649.

McIndoe hakuishia kushona ngozi. Aliwaandaa wakazi wa mji ule kuwapokea vijana hao mitaani na majumbani bila kuwakodolea macho, hata kabla tiba haijakamilika. Kwake, aliyepona jeraha akabaki amejificha ndani alikuwa bado hajapona.

Wood alirudi na elimu hiyo katika Afrika Mashariki, ambako daktari mmoja alihudumia watu 30,000, ilhali Uingereza daktari mmoja alihudumia watu 1,000. Wagonjwa wake walikuwa watoto walioungua moto, wenye ukoma, waliozaliwa na mdomo wa sungura na hata walioraruliwa na fisi. Wengi waliishi mbali na daktari yeyote wa upasuaji.

Mwaka 1956 Wood, McIndoe na Mmarekani Thomas Rees walichora mpango wa kupeleka tiba maeneo ya mbali, na mwaka 1957 shirika likaanzishwa. Wood alijifunza urubani, akawa anarusha ndege mwenyewe kwenda kupasua wagonjwa katika hospitali za vijijini. Mtandao wa redio uliunganisha vituo hivyo na Nairobi, hivyo muuguzi aliyekuwa peke yake akapata wa kumuuliza.

Thamani ya huduma hiyo huonekana zaidi kwa aliyeumia kichwa. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Damu ikivuja ndani yake hukandamiza ubongo, na kuchelewa kwa saa chache huweza kuleta kifo au ulemavu wa kudumu. Wakisii wa Kenya walikuwa na wataalamu wa jadi wa kufungua fuvu, lakini sehemu nyingi za ukanda huu hazikuwa na msaada wa namna hiyo.

Hata hivyo, ndege peke yake haikutosha. Kuanzia miaka ya 1970 AMREF iliweka mkazo zaidi katika kinga na mafunzo ya wahudumu wa afya wa vijijini. Njia ya kufundisha watu waliopo ilionekana tena Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2006, wakati daktari bingwa Dilan Ellegala kutoka Marekani alipomfundisha mganga msaidizi wa hospitali hiyo upasuaji wa ubongo.

Wood alistaafu mwaka 1985, na mwaka huohuo akashiriki kuanzisha shirika la kusaidia wakulima na wafugaji, Farm Africa. Shirika lake la kwanza lilipata Tuzo ya Gates ya Afya Duniani mwaka 2005.

Miaka 30 baada ya kifo chake, Arusha ilikumbushwa umuhimu wa ndege kwa majeruhi. Mei 6, 2017, basi la Shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Karatu na kuua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walionusurika walisafirishwa kwa ndege kwenda kutibiwa Marekani. Walirejea nyumbani Agosti mwaka huo.